Kabla Hujanunua Mashine ya Kuokota Fedha Kwenye Vumbi

Juzi sonara mmoja kijana wa Malindi ameniandikia: "Ami, nina akiba kidogo. Ninunue mashine gani ya kutoa chembe za madini ya fedha kwenye taka za karakana?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo ndilo lililonila shilingi 85,000.

Hapa Lamu sonara hafagii akatupa. Chembe za tupa, unga wa msumeno, mchanga wa viatu, manyoya ya paka, vyote ndooni. Mwaka mmoja nilichoma nikabaki na kilo mbili na kitu za majivu, nikajiona nimekaa juu ya mgodi. Dalali akaniuzia meza ya kutikisika: ubao mpana wenye vijifereji, umeinama kidogo, mota inausukumasukuma huku maji yakipita juu. Chembe nzito hutambaa kandokando, nyepesi hushuka na maji. Mashine nzuri kweli. Alichonificha ni kuwa inataka kulishwa mfululizo, na mimi nina ndoo moja.

Ilivuka na boti kutoka Mokowe, upande wa bara. Punda wakaikataa, wakaibeba hamali wanne kwenye vichochoro vya Langoni, ikafika mlangoni ikagoma. Mlango ni wa nakshi, wa marehemu babu, siutanui kwa ajili ya meza. Ikakaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, mbele ya macho ya mtaa mzima. Kila apitaye: "Bwana, hiyo ya kuanikia papa?"

Maji matamu ya Shela si ya kuchezea, kwa hiyo siku ya tatu nikatia ya bahari. Chumvi ikaganda, mota ikashika kutu. Na kilichoniuma zaidi: majivu na mchanga viliondoka, lakini fedha, shaba na shaba nyeupe vilikuja mstari mmoja, vimekumbatiana.

Baadaye ndipo nilipojua kwa nini. Fedha ina uzito wa mara 10.5 ya maji, shaba karibu 8.9, mchanga 2.65. Ndani ya maji, fedha huushinda mchanga karibu mara sita. Lakini fedha huishinda shaba mara 1.2 tu. Hapo hakuna meza ya kukusaidia, hizo hutenganishwa na asidi kwa msafishaji mwenye ujuzi. Isitoshe, chembe laini ikipungua upana nusu, mwendo wake wa kuzama hupungua mara nne, ndiyo maana ile laini kabisa hukimbia na maji ya juu. Mama zetu wanajua: huwezi kupeta mchele uliochanganyika na chenga na ukaacha ungo ukuchagulie.

Kwa hiyo mwanangu, pima kwanza. Choma taka hadi ziwe majivu, zichekeche kwa chekeche mbili au tatu ili kila ukubwa uwe peke yake. Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, itoe chembe za chuma za tupa. Osha kwenye karai jeusi, na utie tone la sabuni, maana chembe laini huelea juu ya maji kama vumbi la unga. Maji ya kuoshea usiyamwage. Yaache ndooni usiku kucha, chini utakuta tope lenye fedha yako. Kausha, pima tena. Ukipata gramu chache kwa mwezi, karai linakutosha.

Zile mashine za kuzungusha, zinazozidisha uzito wa chembe mara 60 na zaidi, ni za wenye tani, kama wachimbaji wa dhahabu wa Migori. Zebaki ya kunasia madini usiiguse. Moshi wake hauna harufu na watoto wako wanalala chumba cha pili. Vijana mnapenda njia ya mkato, nami nilipenda, ndiyo nikanunua fahari badala ya kazi.

Meza bado iko dakani. Paka wamezalia juu yake. Anayeitaka aje na hamali wanne, na apime mlango wake kabla hajapanda boti.