Foleni ya sabuni na gharama ya kukataa mkopo

Mhariri, swali lenu la juma hili linauliza iwapo nchi maskini ikatae mkopo wenye masharti. Naomba nijibu swali lililo jirani nalo: nchi inapokataa, nani hulipa?

Nilipochukua kalamu nilikusudia kumtetea Mwalimu Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania yetu. Mwaka 1979 vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda vilikuwa vimekausha hazina, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika miaka miwili nyuma, na bei ya mafuta inapanda. Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) likataka shilingi ishushwe thamani na udhibiti wa bei ulegezwe. Mwalimu alikataa, na Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyetaka tuafikiane nao, akajiuzulu. Siku ya mwaka mpya wa 1980 Mwalimu aliwauliza mabalozi tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya kimataifa. Baba yangu, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi Tabora, alilirudia swali hilo kwa fahari miaka yote.

Mama hakulirudia. Mwaka 1983 aliniamsha kabla ya adhana ya alfajiri, tukaenda duka la ushirika kwa sababu ilisemekana sabuni imefika. Tulikuta mstari mrefu wa mawe, kila jiwe likishika nafasi ya mtu aliyerudi kulala. Mama aliweka letu, akaniachia nililinde, akaenda kuteka maji. Jua lilipopanda watu walirejea, kila mmoja akidai jiwe lake, na mzee mmoja akaapa kuwa letu ni lake. Nililikumbatia jiwe lile nikilia hadi mama alipotokea. Ilipokaribia saa sita mwenye duka alitoka akasema sabuni imekwisha, ingawa hatukumwona mtu yeyote akitoka na mche hata mmoja. Jioni mama alifua sare yangu kwa majani ya mpapai, kisha akatupikia ugali wa unga wa Yanga, yale mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani. Tulikuwa tumekataa mkopo, lakini chakula cha msaada tulikuwa tukila.

Kwa muda mrefu nimekisimulia kisa hiki kama gharama ya heshima yetu. Leo nikikiandika naona kwamba aliyeilipa hakuulizwa. Tena makubaliano na IMF hatimaye yalikuja, Agosti 1986, chini ya Mzee Mwinyi, aliyempokea Mwalimu urais. Dola iliyokuwa shilingi 8 na senti kadhaa mwaka 1979 ilikuwa imepita shilingi 40, na sisi tulikwenda mezani tukiwa hatuna cha kushikilia.

Kwa hiyo, kinyume na nilivyoanza, nasema Mtei aliona mbali, na nchi ijadiliane mapema ingali na akiba kidogo. Lakini sisemi ikubali kila kitu. Mageuzi yaliyofuata yalituletea pia kuchangia gharama katika hospitali za serikali mwaka 1993, na sharti la namna hiyo ningelikataa hata leo, hata kama mkopo wote ungepotea. Kushusha thamani ya shilingi ningekubali, ila wananchi watangaziwe kabla ya saini kitakachopanda bei na kwa muda gani, ili mama wa Tabora ajue anachokisubiri anapoweka jiwe lake.