Siku moja Ngazidja: tupande Karthala au twende kaskazini?

SWALI: Shikamoo Mzee. Agosti tunakwenda Moroni, kisiwani Ngazidja huko Komoro, mpwa wa mume wangu anaoa, harusi ile kubwa wanayoiita anda. Tuna siku moja tu ya kutembea kabla shughuli haijaanza. Mume wangu anataka tupande mlima Karthala. Tunakwenda na mama mkwe, na goti linamsumbua. Kuna mtu ametuahidi kututembeza vituo kumi kwa siku. Tufanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa harusi. Nilikuwa baharia wa meli za mizigo. Tukishusha vitunguu Moroni tunakaa siku mbili tatu kungoja, na siku hizo ndizo zilizonijulisha kisiwa.

Karthala uacheni safari hii. Ni volkeno hai yenye urefu wa mita 2,361, na wengi wanaoupanda hulala huko juu usiku mmoja. Mkiulazimisha kwa siku moja mtarudi gizani miguu imevimba, na kesho yake mnatakiwa ngomani. Na mama mkwe mtamwacha na nani?

Vituo kumi navyo vikataeni. Mara yangu ya kwanza kutembezwa nilifanyiwa hivyo hivyo: shuka, piga picha, panda. Jioni nilichokikumbuka ni kiti cha gari. Tafuteni dereva mwenyeji, mwambieni vituo vinne tu, vyote kaskazini, na mwondoke saa moja asubuhi.

Mkiwa njia ya Hahaya, mwombeni asimame pale lava nyeusi ilipoteremka mpaka baharini. Vaeni viatu vya kufunika vidole, maana jiwe lile lina meno. Liinameeni mlitazame: limejaa vitundu kama mkate wa kumimina. Mimina maji kidogo juu yake uone. Hayatiririki, yananywewa palepale. Ndiyo maana Ngazidja haina mto unaotiririka mwaka mzima, ingawa mvua inanyesha kwelikweli. Mtaona matangi ya saruji uani mwa nyumba. Hayo ya kukingia maji ya mvua. Mwaka 2005 Karthala ulipolipuka, jivu liliingia kwenye matangi na watu wakahangaika kwa maji ya kunywa. Mimi sikuielewa ile shida mpaka siku niliyolimwagia jiwe maji kwa mkono wangu.

Kituo cha pili ni Ziwa la Chumvi, karibu na Bangoi-Kouni. Ni kreta, yaani shimo la volkeno, iliyojaa maji, na bahari iko hapo jirani. Hapa ndipo pa mama mkwe, kwa sababu gari linafika karibu na ukingo. Mwekeeni kiti kivulini akae. Msimharakishe wala msiharakishwe, rangi ya maji inageuka jua likipanda.

Kutoka hapo si mbali na Ivoini, kwenye ule ukuta wa mawe unaoitwa Mgongo wa Joka. Mume wako mwenye hamu ya kupanda apande huo, nyie mngojeeni chini. Kisha pwani ya Mitsamiouli mle samaki, mpumzike kwenye mchanga mweupe. Njiani mkinusa harufu tamu, huo ni mlangilangi, ule ule wa Unguja na Pemba. Wao huukeneka mafuta ya manukato.

Gari liwekeni mapema. Agosti ndugu zao wanarudi kutoka Ufaransa kwa maharusi, na magari yanakuwa haba. Bei mpatane kabla ya kupanda, kwa faranga za Komoro. Yuro 1 ni kama faranga 492, na kiwango hicho kimefungwa, hakipandi wala hakishuki, kwa hiyo hesabu yako ifanye nyumbani.

Lugha yao mtaidaka kwa sikio, ila neno moja mwelezeni mama mkwe mapema. Kwao "marahaba" ni asante. Dereva akipokea nauli yake na kumwambia marahaba, asidhani kijana anaitikia shikamoo ambayo hakupewa.