Sumaku haikushika mlango wa Mercedes ya 1965: je, ni puti?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Nyakato, Mwanza. Kuna Mercedes-Benz 230 SL ya mwaka 1965 inauzwa Capri Point, lile gari la wazi la viti viwili, usukani kulia. Mwenyewe anasema limekarabatiwa lote: rangi nyekundu ya mwaka jana, viti vya ngozi vipya, injini ni ileile ya kiwandani. Nilikwenda kuliona na shemeji yangu, mzoefu wa magari. Alipitisha sumaku, na kwenye boneti, milango na buti haikushika kabisa, ila chini ya milango ilinasa vizuri. Anasema juu kote ni puti tupu (ile dawa ya kujazia mashimo ya bodi kabla ya rangi), lakini chini ni chuma kizima, kwa hiyo niombe punguzo nichukue. Muuzaji naye ananishauri nikishanunua niondoe pampu ya mafuta ya zamani niweke kabureta, eti spea hazipo. Unasemaje?

JIBU: Shemeji yako amekosea mara mbili kwa sumaku moja. Kosa la kwanza halina madhara. La pili litakula akiba yako.

Milango tuimalize haraka. 230 SL ilitengenezwa kuanzia 1963 hadi 1967, zikafuata 250 SL na 280 SL za umbo hilohilo mpaka 1971. Zote zilitoka kiwandani zikiwa na boneti, mfuniko wa buti na ngozi ya nje ya milango ya alumini, ili kupunguza uzito. Sumaku haishiki alumini hata uibembeleze. Shemeji angefungua mlango akaigusisha kwenye fremu ya ndani, ingenasa, maana fremu ni ya chuma. Na hili si geni Mwanza. Land Rover 109 zilizobeba wageni wa Serengeti miaka yote ile nazo zina bodi ya alumini, na sijamsikia mtu akidai zilijengwa kwa puti. Ningeshtuka zaidi kama sumaku ingeshika ngozi ya nje ya mlango, kwa sababu ingekuwa na maana kwamba kuna mtu ameng'oa alumini akaweka bati lake.

Sasa njoo chini ya milango, pale sumaku ilipowafurahisha. Sumaku inakwambia kitu kimoja tu: hapa karibu kuna chuma. Haikwambii ni chuma cha kiwandani au cha duka la vifaa vya ujenzi, kina unene gani, wala kimeshikwa na nini. Kuna gari la wazi nililetewa likiwa limetoka "kukarabatiwa lote". Niligonga chini ya mlango kwa mpini wa bisibisi, sauti ikatoka butu. Nikakwangua. Chini ya rangi kulikuwa na puti unene wa kidole, chini ya puti kuna bati la kuezekea, mawimbi yake yamepigwa nyundo mpaka yakalala, limeshikiliwa kwa riveti. Nyuma ya bati hilo mlikuwa na povu lile la kuzibia fremu za madirisha, na vipande vya gazeti. Chuma cha kiwandani kilichobaki kilimong'onyoka mkononi. Na sumaku ilikuwa inashika pale, tena kwa nguvu.

Kwa nini nang'ang'ania sehemu hiyo na si boneti? Gari lenye paa la chuma hubebana kwa paa, nguzo na sakafu kwa pamoja. Gari la wazi limenyimwa paa, kwa hiyo mzigo wote unaangukia sakafu na yale maboksi mawili ya bati yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Sakafu ya hii SL imetokana na ya saluni kubwa ya Mercedes ya wakati huo, ikafupishwa na kuimarishwa. Yakioza maboksi hayo, bodi inalegea katikati, na hakuna rangi itakayoizuia.

Kwa hiyo rudi Capri Point bila sumaku. Omba gari liinuliwe kwa jeki upande mmoja, kwenye sehemu yake ya kuwekea jeki, kisha fungua na ufunge mlango wa upande huo. Kabla ya kuinua, angalia nafasi kati ya mlango na bodi, juu na chini. Ikibadilika gari likiwa juu, au mlango ukagoma kufunga, bodi imekwisha nguvu. Jeki yenyewe ikianza kuzama kwenye bati, shusha gari taratibu, shukuru, ondoka. Kama mlango unafunga vilevile, ingia chini. Tafuta matundu ya kutolea maji kwenye maboksi hayo. Kama yamezibwa kwa rangi au puti, aliyefanya kazi hakujua anachofanya, au alijua sana. Kama yako wazi, pitisha kamera ile nyembamba ya waya inayochomekwa kwenye simu, utazame ndani. Inua na kapeti za miguuni, na lile la ndani ya buti.

Hapa ndipo huwa naambiwa, "Lakini fundi, Mwanza hakuna chumvi, ziwa ni maji baridi." Nimechoka kulisikia. Kutu inahitaji maji na hewa tu, chumvi inaiharakisha. Maji ya mvua yakiingia kwenye boksi lililozibwa matundu hayatoki, yanakaa humo yakifanya kazi mchana na usiku. Tena gari la 1965 halijaishi Capri Point maisha yake yote. Hujui limelala bandari gani na kwa muda gani.

Na mafundi wetu wa njia ya mkato wanaisaidia kutu. Puti ni kitu chenye vinyweleo, inanyonya maji. Fundi anaipaka juu ya kutu iliyopigwa msasa nusunusu, anailainisha kwa msasa wa maji, hasubiri ikauke, anapiga rangi jioni kwa sababu mteja anasubiri. Maji yamefungiwa humo. Mwaka wa kwanza gari linang'aa, watu wanapiga nalo picha za harusi. Zikipita mvua za msimu mmoja au miwili, tazama ukingo wa chini wa mlango na mzunguko wa taa za mbele: vipele kama punje za mtama. Ukikibonyeza kipele kwa ukucha kinatoa maji ya rangi ya chai. Mteja anarudi kwa fundi yuleyule, anakwanguliwa vipele, anapakwa puti nyingine.

Wengine wanapulizia oili chafu chini ya gari, wanaita kinga ya kutu. Oili hiyo inaharibu bushi na mipira, na inaficha nyufa. Wengine wanapaka ile rangi nzito nyeusi ya lami juu ya uchafu. Ukikuta sakafu ya gari la zamani ina lami mbichi inayong'aa wiki ya kuuzwa, usisifie usafi. Uliza kulikuwa na nini chini yake. Haya si ya Mercedes tu. Wanaonunua Land Rover za zamani kwa ajili ya utalii wanasifia bodi isiyooza, na ni kweli haiozi, huku chesisi ya chuma iliyo chini yake imeliwa upande wa nyuma na kuvikwa lami ileile. Mtu anayekuuzia "ukarabati wa gari lote" akakuonyesha picha zilizopigwa baada ya rangi, amekuonyesha rangi. Ukarabati unaonekana kwenye picha za bodi ikiwa chuma kitupu, bati lililooza limekatwa, jipya limechomelewa, kabla tone la puti halijagusa. Fundi aliyefanya kazi hiyo huzipiga mwenyewe, maana ndizo zinazomtetea kwenye bei. Kama hazipo, lipe gari bei ya gari ambalo halijakarabatiwa.

Kuhusu "injini ni ileile", usibishane, soma namba. Namba ya chesisi ya 230 SL inaanza na 113042. Tarakimu mbili zinazofuata zikiwa 20 ni usukani wa kulia na gia za mkono. 22 ni usukani wa kulia na otomatiki. Ukikuta 10 au 12, gari lilizaliwa na usukani kushoto, kwa hiyo kuna mtu alihamisha usukani, na kazi hiyo nayo inabidi ikaguliwe. Injini yake inaanza na 127981. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, usiishie kwenye kibati cha riveti, kisha linganisha na kadi ya gari. Namba zisipooana na kadi, hilo ni suala la TRA kabla halijawa suala la fundi, na limalizwe na muuzaji kabla hujatoa hela.

Mwisho, kabureta. Usithubutu. Hiyo pampu ya Bosch ya plunja sita, moja ya kusukumia mafuta kila silinda, ndiyo inayoipa injini ya lita 2.3 nguvu farasi zake 150, na mnunuzi yeyote anayelijua gari hili atafungua boneti aitazame kabla ya kuuliza kitu kingine. Spea zake zinaagizwa nje, ni ghali, lakini zipo, na wapo wanaozifanyia pampu hizi matengenezo kamili. Mara nyingi zinakufa kwa mafuta machafu, au, kwa zile za mwanzo zenye oili yake peke yake na kijiti chake cha kupimia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukichomoa kijiti hicho. Fundi asiyeijua anaiogopa, ndiyo maana anashauri itupwe. Na kama muuzaji ameshaanza kuifungua, hakikisha kila kipande kimeandikwa kwenye mkataba wa mauziano, pamoja na nozeli zote sita za kupulizia mafuta.