Kabla hujamlaumu afisa utumishi, fungua jalada lako

Nina miaka kumi na moja masjala, chumba cha barua na majalada, hapa Tanga, katika ofisi ya umma ambayo sitaitaja. Watumishi wakipita dirishani kwangu wana swali moja: "Dada, barua za vyeo zimetoka?" Hakuna anayeuliza jalada lake lina nini ndani. Na mimi la kwangu sikuwahi kuliuliza, ingawa funguo za kabati nilikuwa nazo mimi.

Niliajiriwa 2014 kama mtunza kumbukumbu msaidizi. Tulikuwa watatu, na wa nne tarishi, mzee, aliyezungusha barua kwa baiskeli kutoka Chumbageni hadi Raskazone. Haukupita muda mzee akastaafu, mwenzetu mmoja akahamia Handeni, na mwingine akaingia likizo ya uzazi, siku 84. Nikabaki peke yangu.

Wengi hudhani kiti kikiwa wazi kinajazwa. Hakijazwi hivyo. Mwajiri anakiombea kwenye ikama, ile orodha ya nafasi za kazi za ofisi, kinatengewa mshahara kwenye bajeti, halafu kinasubiriwa kibali cha ajira kutoka Ofisi ya Rais, Utumishi. Kibali kikija na nafasi chache, wanaokumbukwa kwanza ni walimu na waganga, na sibishi. Masjala nani anaiona? Kwa hiyo asubuhi napokea barua na kuziingiza kwenye rejista, mchana naweka folio, yaani namba ya kila barua jaladani, na kupeleka majalada kwa mabosi, jioni nabeba kitabu cha dispachi nakwenda mwenyewe posta na ofisi za jirani. Jua la Tanga mnalijua.

Katika miezi hiyo hiyo barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilipita mikononi mwangu. Nikaisoma, nikafurahi, nikaiweka jaladani. Nakala ya nyumbani sikutoa. Ya nini, nami ndiye mwenye kabati?

Muundo wa utumishi wa kada yangu ulitaka miaka mitatu kabla ya kupanda, yaani kama 2017 hivi. Lakini 2016 Serikali ilisimamisha ajira na upandishaji vyeo kupisha uhakiki wa watumishi hewa, ukafuata wa vyeti, na hata baada ya hapo mambo yakawa ya kusuasua. Wote tulingoja, na kungoja na wenzako hakuumi sana. Mei Mosi ya 2021 kule Mwanza Rais Samia akatangaza kuwa watumishi watapandishwa. Orodha ikaja ofisini. Wenzangu wa 2014 wamo. Mimi simo.

Nilikwenda kwa afisa utumishi nimefura. Akageuza kompyuta yake, akanitazama kwa huruma: "Dada yangu, kwenye mfumo wewe hujathibitishwa." Nikacheka. Tukafungua jalada langu, barua hakuna. Nikaituhumu ofisi nzima, nikasema kuna mkono wa mtu. Wiki ya pili nikaikuta kwenye jalada la mtumishi mwingine, jina la kwanza na la baba sawa na langu. (Ngamiani ukiita Mwanahawa watageuka kumi.) Namba ya folio iliandikwa kwa kalamu ya kijani, na mwandiko ulikuwa wangu. Ndipo nilipoelewa kwamba upungufu wa watumishi nilioulalamikia miaka yote ndio uliokula cheo changu. Mtu mmoja anayefanya kazi ya wanne hukosea, na mara hii kosa lilimwangukia mwenyewe.

Kwa hiyo usiniulize kama barua zimetoka. Nenda kwa afisa utumishi, umwombe mkague jalada lako pamoja. Kulichukua huruhusiwi, lakini kukaa naye mezani mkaangalia folio moja baada ya nyingine hakuna mwenye moyo mzuri atakayekukatalia. Tafuta barua ya ajira, ya kuthibitishwa, ya kila cheo ulichopata. Kisha mwombe asome kilichoingizwa kwenye mfumo, tarehe kwa tarehe. Karatasi na mfumo vinaweza kusema mambo mawili tofauti, na orodha hutolewa kwenye mfumo. Nyumbani weka faili lako, hata kama ni mfuko wa nailoni chini ya godoro.

Na nenda mapema. Kuanzia Oktoba ofisi huanza kupanga ikama na bajeti ya mwaka ujao wa fedha, na jina lisilotengewa mshahara humo haliponi Julai. Wanaokuja kwangu Juni wamechelewa mwaka mzima. Ndiyo maana pia nawaonya wanaoomba uhamisho katikati ya mwaka: fedha za cheo chako zimepangwa hapa, wewe ukihamia Korogwe zenyewe hazikufuati.

Kuna jambo la kukaimu ambalo linaniuma zaidi kuliko lile la barua. Mkuu wangu wa masjala alipoondoka niliambiwa mlangoni, "Wewe shikilia hapo kwanza." Nikashikilia miezi kumi na minne. Nilipouliza posho ya kukaimu nikaulizwa barua ya kukaimu iko wapi. Kushikilia si kukaimu. Ukipewa kazi ya mkubwa kwa mdomo, siku hiyo hiyo mwandikie kwa heshima: "Rejea maelekezo yako ya leo ya kunitaka nisimamie masjala, naomba kupatiwa barua." Ipige muhuri wa kupokelewa, baki na nakala. Atakayekasirika atakasirika.

PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa mtumishi, wengi wanaidharau kwa sababu tulizoea OPRAS, fomu ya mwaka mzima tuliyoijaza usiku mmoja wa Juni kwa kunakili ya jirani. Tangu mfumo mpya uanze usinakili. Andika kazi unazofanya kweli, na zile za viti vilivyo wazi. Mimi niliandika za watu wawili. Msimamizi alinung'unika, lakini aliidhinisha, na kwa mara ya kwanza kazi ile ikawa na ushahidi.

Usiende kusoma ili ubadilishe kada kabla hujauliza matokeo yake. Kijana mmoja wa kwetu alipata shahada, akabadilishiwa muundo, akaanza daraja la mwanzo na mshahara wake wa zamani ukabaki mshahara binafsi, yaani haukushushwa ila si wa daraja lile. Hesabu yake ya miaka ilianza upya. Hakujuta, lakini hakujua.

Wenye miaka hamsini na kitu msilichukulie hili kama jambo la vijana. Pensheni ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, hupigwa kwa wastani wa mishahara ya miaka mitatu bora katika kumi ya mwisho, kwa hiyo cheo kinachokukuta mwezi wa kuagwa ni cha kusomwa kwenye sherehe tu.

Mimi nilipanda 2023. Malimbikizo ya mshahara bado, nimeyaandikia barua mbili, na nakala ninazo.

Siku hizi kiti cha mzee wa baiskeli kinakaliwa na wanafunzi wa fildi kutoka Chuo cha Utumishi wa Umma. Juzi mmoja alinyoosha barua: "Dada, huyu yupo mara mbili kabatini, nimweke wapi?" Nikamwambia aache jina, asome cheki namba, namba ya mtumishi mwenyewe. Akasoma. Nikaacha chai, nikaenda kuhakikisha mwenyewe.