Maswali na majibu: Supu ya Spock na busu la Uhura

Makala iliyopita niliropoka kwamba Star Trek ile ya zamani ina mapenzi matamu kuliko tamthilia nyingi za kulilia leso. Maswali yakamiminika, nimechagua haya. Kwa asiyeijua: ni kipindi cha Marekani kilichobuniwa na Gene Roddenberry, kikarushwa na NBC kuanzia Septemba 8, 1966 hadi Juni 3, 1969, episodi 79. Meli ya anga iitwayo Enterprise inazunguka kutoka sayari hadi sayari. Nahodha ni Kirk. Msaidizi wake Spock ni chotara, baba wa sayari ya Vulcan ambako watu hufungia hisia ndani, mama wa Dunia hii hii. Daktari ni McCoy, na kwenye mitambo ya mawasiliano yupo Luteni Uhura, ambaye ni wa kwetu kwa namna fulani.

Kwenye filamu ya 2009 Spock na Uhura ni wapenzi. Walilitunga tu, au hata zamani kulikuwa na kitu? – Msomaji, Morogoro

Kilikuwepo, dada, ila kidogo kama iliki kwenye chai: hukioni, unakinusa. Tafuta episodi ya kwanza kabisa kurushwa, "The Man Trap". Nahodha yuko chini sayarini, Spock amekalia kiti chake, kazi imepoa. Uhura anamwambia amechoshwa na habari za masafa ya redio. Kwa nini Spock asimwambie kwamba yeye ni msichana mzuri, au asimsimulie jioni ya Vulcan inavyokuwa mwezi ukiwa mpevu? Spock anajibu kwamba Vulcan haina mwezi. Uhura anasema hilo halimshangazi.

Basi, ndiyo hayo tu. Mwanamke katupa ndoano, mwanamume kamrudishia mkononi ikiwa kavu, na kila mmoja anajua mwenzake kafanya nini. Muda mfupi baadaye inaletwa habari kwamba mmoja wa waliokuwa chini amekufa. Spock hatikisiki. Uhura anamjia juu: huenda ni nahodha huyo, mtu pekee unayeweza kumwita rafiki! Sasa niambie, mtu asiyekujali atakugombeza hivyo kwa nini?

Wiki iliyofuata Spock anapiga kinanda chake cha nyuzi na Uhura anaimba wimbo wa kumtania mbele ya wenzao, na Spock kinamponyoka kitabasamu. Baada ya hapo watunzi wakaiacha kamba hiyo chini. Wale wa 2009 waliiokota. Mimi bado naona ndoano ile ya mwezi inashinda kukumbatiana kwao ndani ya lifti, lakini siwezi kumnyima mtu lifti yake.

Ni kweli Uhura ni Mswahili? Mbona jina lenyewe si la Kiswahili? – Msomaji, Lamu

Lilikuwa. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, yenye hadithi ya Kenya. Roddenberry akalipenda neno, kisha likalainishwa mwishoni ili lisikike la kike. Wamarekani hawana habari kwamba kwetu Uhuru anaweza kuwa binti au mvulana.

Mhusika katokea Afrika, na Kiswahili anakijua tangu utotoni. Jina lake la kwanza, Nyota, halikutamkwa hata mara moja kwenye kipindi cha zamani. Kwenye skrini lilisikika 2009, na walilitumia kwa akili: Kirk kijana anamfuata msichana tangu baa akitaka kujua jina lake, anaambulia patupu, hadi anakuja kulisikia kinywani mwa Spock wakati wa kuagana. Mchezo wa mapenzi umeamuliwa kwa jina moja la Kiswahili.

Lakini kitu ninachotaka ukitazame kipo tena kwenye "The Man Trap". Kuna zimwi linalonyonya chumvi mwilini mwa watu, na linajigeuza sura kufuatana na yaliyo moyoni mwa anayelitazama. Linakutana na Uhura kwenye ujia wa meli, linamtokea kama kijana mweusi mtanashati, na linamsemesha kwa Kiswahili. Uhura anafurahi kupita kiasi. Kisha anaduwaa, macho yamemganda, zimwi linamsogelea. Kinachomwokoa ni kuitwa kazini kwenye spika.

Kiswahili chenyewe kimetamkwa kwa ulimi wa Hollywood, utarudisha nyuma mara mbili ndipo ushike. Hilo nawasamehe. Aliyeandika alijua mtu aliye mbali na kwao anavyonaswa. Nimewahi kukaa ugenini miezi kadhaa. Siku moja kwenye foleni ya dukani nyuma yangu mtu akasema "samahani kidogo", nikageuka na tabasamu la mdomo wote kabla sijajua ni nani. Angekuwa zimwi, ningekwisha.

Je, lile busu la Kirk na Uhura ndilo la kwanza la mweupe na mweusi kwenye televisheni ya Marekani? – Msomaji, Nairobi

Husemwa hivyo, lakini neno "kwanza" lina ubishi: yapo mabusu mengine ya watu wa rangi tofauti yaliyolitangulia, inategemea unahesabu busu la aina gani na la nani. Yasiyo na ubishi ni haya. Lilirushwa Novemba 22, 1968. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imefuta sheria za kukataza ndoa za mweupe na mweusi Juni 1967, mwaka mmoja na miezi mitano tu kabla. Wakubwa wa kituo walihofia stesheni za majimbo ya kusini. Kwa maelezo ya Nichols katika kitabu cha maisha yake, iliamuliwa ipigwe pia picha isiyo na busu, na William Shatner, yaani Kirk, akaiharibu makusudi kwa kukodoa makengeza mbele ya kamera. Ikabidi litumike lenye busu.

Sasa kama swali langu ni mapenzi, busu lenyewe si la mapenzi. Kuna watawala wanaojifanya Wagiriki wa kale, wana nguvu ya kuendesha miili ya watu kwa akili, na wanawachezesha mabaharia wetu kama vikaragosi kwa burudani yao. Kirk na Uhura wanasukumwa wabusiane huku wanapinga. Kilicho kitamu kinatokea sekunde chache kabla: Uhura, anatetemeka, anamwambia nahodha kwamba kila alipoogopa melini alikuwa anaisikia sauti yake ikitoa amri, na hofu ikamwondoka. Ukitaka kuona damu za watu wawili zimepatana, sikiliza maneno hayo, busu liache lipite.

Pembeni yao analazimishwa Spock na muuguzi Chapel, ambaye kampenda tangu msimu wa kwanza. Chapel anasema kwa muda mrefu alitamani kuwa karibu naye, na sasa anatamani kutambaa pembeni afe. Huo ndio ukatili wa kweli wa episodi ile: unapewa ulichoombea, kwa mkono wa anayekudhihaki. BBC iliiweka kando pamoja na nyingine chache kwa miaka mingi kwa sababu ya ukatili.

Spock anajua kupenda au hajui? Mume wangu anasema yule ni jiwe. – Msomaji, Tanga

Mwambie shemeji mapenzi ni kikohozi, hata cha mtu wa Vulcan.

Wapo waliomtoa kikohozi kwa dawa. Leila, mwanamke aliyempenda miaka sita nyuma, anamkutanisha na maua yanayotema vumbi la kulegeza moyo. Spock anaishia kuning'inia mtini akicheka. Kirk anamponya kwa kumtukana hadi apandwe na hasira. Mwishoni anaulizwa ilikuwaje huko, anajibu kwamba kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na furaha. Anasema hivyo kwa sauti ile ile anayosomea vipimo. Episodi hiyo iliandikwa na D. C. Fontana, mwanamke, na nadhani inaonekana.

Lakini mimi nitakuonyesha supu. Msimu wa pili unafungua Septemba 15, 1967 kwa "Amok Time". Watu wa Vulcan, kila baada ya miaka saba, hupandwa na joto la kuoa, na wasipooa hufa. Ni aibu yao kubwa, hawaizungumzii. Spock haambii mtu, hali, mikono inamtetemeka. Chapel anampikia supu ya kwao Vulcan. Hebu fikiria: muuguzi wa Dunia kaenda kujifunza supu ya ukweni ambako hajawahi kuitwa mkwe. Anaingia nayo chumbani. Mara kelele, Chapel anakimbia nje, na bakuli linamfuata kwa nyuma na kupasukia ukutani.

Watu wengi hukumbuka bakuli. Mimi nakumbuka alivyorudi. Spock kajilaza, Chapel kaingia kumpa habari kwamba meli inaelekea Vulcan, na machozi yanamtoka. Spock anamgusa shavu, anasema uso wako umelowa. Anamwita Miss Chapel. Chapel anamwambia jina langu ni Christine. "Ndiyo, najua, Christine." Kisha anamwomba ampikie ile supu.

Haji kuila, si wa kwake, ana mchumba wa utotoni anayemsubiri. Naye mchumba, T'Pring, kampiga hesabu ya kikatili: kamchagua Kirk apigane na Spock, kwa sababu yeyote atakayeshinda, yeye atabaki na bwana wake mwingine. Spock anaisifu hesabu hiyo kuwa haina kasoro, halafu anamwambia yule bwana kwamba huenda akagundua kupata si kutamu kama kutamani. Jiwe haliongei hivyo, shemeji.

Kirk alikuwa na wanawake wangapi jamani? – Msomaji, Mwanza

Wachache kuliko sifa zake. Hesabu vizuri utaona nusu yao aliwabembeleza ili aipate meli yake iliyotekwa, yaani ilikuwa kazi. Mwandani wake wa mwanzo melini, Rand, aliondolewa katikati ya msimu wa kwanza, na nahodha akabaki huru kuangukia mgeni wa kila wiki. Kwangu mimi lilikuwa kosa.

Aliyempenda kweli ni Edith Keeler, aliyeigizwa na Joan Collins, Aprili 6, 1967. Kirk na Spock wametupwa New York ya mwaka 1930, wakati wa ukata, na Edith anaendesha jiko la kugawia maskini supu. (Naona leo nimeshikwa na supu.) Wanatembea usiku barabarani, Kirk anamwambia "niachie nikusaidie", na kwamba miaka mia ijayo mwandishi mmoja atayaweka maneno hayo juu ya "nakupenda". Kisha Spock anagundua: Edith akiishi, harakati zake za amani zitaichelewesha Marekani kuingia vitani na Hitler atashinda. Lazima afe. Lori linakuja, McCoy anaruka kumwokoa, na Kirk anamkumbatia McCoy asifike. Daktari anamfokea: unajua umefanya nini? Spock anajibu kwa niaba yake: anajua, daktari. Anajua.

Kuna watu wanasema wapenzi wenyewe ni Kirk na Spock. Unasemaje? – Msomaji, Doha

Wanasema tangu miaka ya 1970, na wameandika hadithi za kujaza makabati. Kilichopo kwenye skrini ni hiki: mwisho wa "Amok Time" Spock anaamini kamuua rafiki yake kwa mikono yake. Anamkuta mzima. Anamshika mikono yote miwili, anaita "Jim!" na meno yote nje, kisha anakumbuka kwamba Chapel na McCoy wanatazama. Edith naye aliwaona siku chache tu, akamwambia Spock mahali pake ni pembeni ya Kirk, kana kwamba alikuwepo hapo siku zote. Wewe liite utakavyo. Mimi naona ni urafiki wa kushibana, na kwenye kipindi hiki ndio uliopewa muda mrefu kuliko penzi lolote.

Mke wangu hapendi mambo ya anga. Nimwanzishie ipi? – Msomaji, Zanzibar

Usimwanzishie Edith, atakulaumu wiki nzima. Mpe "Journey to Babel" ya Novemba 17, 1967, kazi nyingine ya Fontana. Wazazi wa Spock wanapanda melini. Baba, Sarek, balozi, hajazungumza na mwanawe kama baba kwa mwana kwa miaka 18 kwa sababu kijana aliacha chuo cha Vulcan akaenda kwenye meli. Mama, Amanda, katikati, kama mama yeyote.

Mwambie atazame mikono. Wanandoa wale hawabusiani wala hawashikani viuno. Sarek ananyoosha vidole viwili, Amanda anaweka vyake viwili juu, wanatembea hivyo mbele ya watu. Nimeona harusi za fungate tatu zisizo na joto hilo.

Na asiondoke kabla ya mwisho. Baba na mwana wamelazwa kitanda kwa kitanda baada ya upasuaji, Amanda kawafokea wote wawili kwa mantiki yao isiyoisha. Spock anamuuliza babake kwa nini alimwoa mwanamke mwenye hisia hivyo. Sarek, uso mkavu, anajibu kwamba wakati ule ilionekana ndilo jambo la kimantiki.