Kama namba ya Planck ilipimwa kwa kilo ya zamani, kilo mpya imetoka wapi?

Swali: Nimesoma kwamba tangu 2019 kilogramu haitegemei tena lile jiwe la mizani linalotunzwa Ufaransa, bali namba ya Planck, ile namba isiyobadilika ya fizikia inayohusisha nishati ya mwanga na masafa ya mawimbi yake. Lakini namba hiyo yenyewe si ilipimwa kwa kilogramu ya zamani? Naona tumezunguka tukarudi palepale.

Jibu: Umegusa penyewe. Ni kweli ilipimwa kwa kilo ya zamani, na ilibidi iwe hivyo. Kilo mpya ilipaswa kuanzia pale ilipoishia ya zamani, la sivyo mizani zote duniani zingeamka na kosa. Kilichohama ni shaka ya kipimo, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kuwa kimekosea: ilitoka kwenye namba ikaenda kwenye silinda ya zamani.

Hadi tarehe 20 Mei 2019, silinda ya platini na iridi iliyoko Sèvres, karibu na Paris, ilikuwa kilo moja kamili kwa tamko tu. Hata ingekwanguka, isingehesabiwa kuwa imepungua; vitu vingine vyote ndivyo vingehesabiwa kuwa vimeongezeka. Na ilipolinganishwa na nakala zake, nyingi zilionekana zimeachana nayo kwa takriban mikrogramu (sehemu za milioni za gramu) 50 katika miaka 100. Ni ipi iliyosogea? Hapakuwa na njia ya kujua. Hilo ndilo lililotunyima usingizi sisi wa vipimo, kuliko ukubwa wa tofauti yenyewe.

Namba ya Planck ikapimwa kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Moja ni mizani ya Kibble, inayosawazisha uzito wa jiwe na kani ya koili ya umeme ndani ya sumaku. Nyingine ni kuhesabu atomu ndani ya tufe la silikoni. Majibu yalipokubaliana hadi kiasi cha sehemu moja katika milioni mia, namba ikafungwa: jouli-sekunde 6.62607015 × 10⁻³⁴. Haina shaka tena. Shaka ikaangukia silinda, ambayo siku ile ikawa kilo moja, zaidi au pungufu ya mikrogramu 10.

Mita ilipita njia hiyohiyo 1983: kasi ya mwanga, iliyokuwa imepimwa kwa mita ya zamani, ikafungwa kuwa mita 299,792,458 kwa sekunde.

Kwa hiyo mizani ya Kibble leo inasomwa kinyume: namba ya Planck inajulikana, kinachotafutwa ni tungamo la jiwe. Hata silinda ya Sèvres inaweza kupimwa hivyo, na ikipungua, itaonekana.