Bairn: mtoto aliyebebwa

Wiki iliyopita niligusia bairn, neno la Waskoti la kumwita mtoto. Maswali yamemiminika, najibu machache.

Shemeji yangu anashikilia kwamba neno hili waliliacha Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia. Kweli?

Nusu tu. Waangli, kabila la Kigermanik lililoingia kusini-mashariki mwa Uskoti karne ya 7, walikuja na bearn lao. Waviking walilikuta. Ila nao walikuwa na barn, na hadi leo Sweden, Norwei na Denmark mtoto ni barn. Naona huo ujirani ndio uliolilinda neno huko kaskazini, maana kusini Waingereza walilitupa wakabaki na child. Wajerumani nao walikuwa nalo zamani, siku hizi wanasema Kind. Wafrisia wa Uholanzi wamelitunza: bern.

Linatamkwaje?

"Beirn", na r itetemeke kama kwenye "karata". Hapo mnawazidi watu wa London.

Maana yake ya asili ni nini?

Hapa ndipo penye utamu. Mzizi wake ni beran, kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kubeba, na pia kuzaa. Bairn ni yule aliyebebwa. Kwetu mama hubeba mimba miezi tisa, kisha akambeba huyohuyo mgongoni kwa kanga. Waangli wangetuelewa bila mkalimani. Msikimbilie kuniandikia kwamba beran na beba ni ndugu! Zimefanana kwa bahati tu. Ndugu zake wa damu ni ferre ya Kilatini na bharati ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, nazo ni za kubeba vilevile.

Barn kwa Kiingereza si ghala? Watoto na ghala wapi na wapi?

Hawajuani. Hilo la ghala ni maneno mawili yaliyogandana: bere, shayiri, na ærn, nyumba. Nyumba ya shayiri. Visiwani Orkney, kaskazini mwa Uskoti, bado wanalima shayiri ya kienyeji iitwayo bere, na unga wake wanaokea mikate bapa.

Nilipokuwa Glasgow nilisikia wean, si bairn. Nani kakosea?

Hakuna. Wean ni wee ane, "kamoja kadogo", na ni la magharibi. Bairn utalisikia zaidi mashariki na kaskazini. Mjini Falkirk wenyeji wote ni Bairns, na timu yao ya mpira vilevile. Mzee mwenye mvi na kitambi, yuko jukwaani anajiita mtoto.